Siku Uliyosimama Juu ya Breki

Mama Neema wangu,

Leo nimebadilisha sproketi ya mbele ya pikipiki, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Nati iligoma kidogo, nikacheka peke yangu uani. Majirani wa hapa Kawale wanadhani mzee amechanganyikiwa. Kumbe wewe njo nilikuwa nakukumbuka.

Asubuhi ile Dzaleka tulikuwa bado wageni katika kambi ya wakimbizi, na gauni la kwanza la bibi harusi ulilopata kushona lilitakiwa mjini, mtaa wa Biwi, kabla ya ibada. Cheni ikawa inaruka kwenye meno yaliyolika. Sproketi mpya ninayo, lakini nati ya ile kuukuu haitoki. Nimepaka oili, nimegonga, nimeitukana kwa Mashi, lugha ya kwetu, na kwa Kifaransa. Nikakuomba pasi yako ya mkaa niichome hiyo nati ilegee. Ukaikumbatia kama mtoto.

"Pasi ni ya nguo, Baba Neema. Nisipofikisha hii robe ya harusi leo, nani atanipa tena kitambaa? Bataniita mushonaji gani?"

Hapo nikaogopa kweli. Vyote tuliviacha Bukavu. Jina la fundi njo kitu pekee ulikuwa umeanza kujenga.

Ukachuchumaa kutazama. Nilikuwa nimeshatoa cheni, kwa hiyo kila nikivuta spana, sproketi inazunguka nayo.

"Kwa cherehani mi nashika gurudumu kwanza, njo nafungua sukurubu yake. Rudisha cheni, tia gia. Mi nakanyaga breki."

Ukapandisha kitenge, ukasimama kwa uzito wako wote juu ya breki ya nyuma, unaimba wimbo wa kwaya huku umeuma meno. Nikavuta. Nati ikatoa mlio, kaa!, ikaachia.

"Haya, nawa mikono," ulisema. "Usiguse nguo yangu."

Biwi tulimkuta bibi harusi amejifunga kitenge, analia. Ukamvalisha mwenyewe.

Asante, mke wangu. Gauni lile lilituletea wateja wa Biwi, wakaja wa Area 18, tukapata kibanda hapa Kawale, watoto wakasoma. Mi nilikuwa naendesha tu. Nashukuru kila siku.

Siku tulipokuzika walikuja wamama wengi, wa kwetu na Wamalawi, kila mmoja amevaa nguo uliyomshonea. Hakuna aliyewaambia wazivae. Mchungaji mgeni akaniuliza marehemu alikuwa nani. Nikamwonyesha nguo zao.

Pumzika, fundi.

Bwana yako,
Baba Neema