Wendelin, Fundi Aliyenawa Kabla ya Kugusa Oksijeni

Mwaka umetimia, Baba Vitalia, tangu tukuzike hapa Mbinga, tukarudi nyumbani kusikiliza upumbavu wa watu.

Ulifufua regulata, vile vichwa vya shaba vinavyofungwa kwenye mitungi ya gesi kupunguza presha kabla haijafika kwenye tochi ya kuchomelea. Zililetwa kwako kutoka kila mahali, tangu Ngumbo hadi Chiwanda, zinavuja, mishale imeganda. Ulibadilisha mpira na springi, ukapaka maji ya sabuni kuona kama bado inavuja. Kikitokea kipovu kimoja, ulianza upya. Na kabla ya yote ulinawa mikono, kwa sababu mafuta yakikutana na oksijeni ni moto. Mafundi hodari walikucheka, wakakuita Padri, kama anayenawa altareni. Wao walijua nyundo.

Kilian wa Liuli alicheka kuliko wote. Regulata uliyomtengenezea ilipokuwa ngumu kufunga, aliipaka grisi kama mnyororo wa baiskeli. Ulipopita karakanani kwake uliinusa, ukamwambia asifungue mtungi. Akajibu, "Sogea, Padri, misa imekwisha," akazungusha koki. Ulimsukuma pembeni. Moto ukakukuta wewe.

Siku nne hospitalini uliuliza kama Kilian ameumia. Hakuumia, Baba Vitalia. Hata nyusi zake hazikuungua.

Msibani alileta shada kubwa kuliko letu, akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikosea kufunga springi. Watu wasiojua tofauti ya regulata na birika wakaitikia kwa vichwa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lililokataa dawa lilikuwa la Kilian, na aliyekufa ni wewe. Tulilia kwa huzuni na kwa hasira, zaidi kwa hasira.

Sasa Vitalia anakaa kwenye meza yako ya kazi. Mwezi uliopita Kilian alipanda hadi huku na regulata inayovuja, maana huko kwake hakuna wa kumtengenezea. Binti yako alimwamkia vizuri, "Shikamoo, baba mdogo," akamwekea beseni na sabuni mbele ya wateja. Kilian akauliza ni ya nini.

"Baba hakukosea kufunga. Nawa."

Alinawa mpaka kwenye viwiko, na wateja wote walimwona.

Unakumbukwa na mkeo Aurelia, wanao Vitalia na Jastin, dada yako Scholastica na ukoo wote wa Ndunguru. Kilian aliomba jina lake liwemo. Halimo.

Wewe hatutakusahau kamwe. Naye pia.