Malipizi Niliyoyakwepa

Yaya wangu Anastasia, dada yangu mkubwa,

Leo wametangaza tena ndoa kanisani kwetu Kamalondo. Katekista alisoma majina mawili, akaongeza yale ya siku zote: anayejua kizuizi aseme. Nikainamisha kichwa. Wewe ulizoea kunicheka kwamba kanisani natazama viatu vya watu. Leo nilitazama vyangu.

Unakumbuka matangazo yenu, wewe na Fidèle wa reli? Yaliposomwa mara ya kwanza ulinibana mkono mpaka nikaumia. Yaliposomwa mara ya pili ulikuwa umeshakata kile kitambaa cheupe, umekilaza kwenye cherehani yako. Mara ya tatu hayakusomwa. Mtu alikuwa amekwenda kwa katekista kusema Fidèle iko na bibi na mutoto kule Kalemie.

Yaya, mtu yule ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, na Fidèle alitaka kukupeleka Kolwezi. Mimi ningebaki kwa shangazi, Kampemba. Niliogopa, basi. Sikumchukia hata kidogo, alikuwa ananiletea mikate. Nilidhani ndoa itachelewa tu mpaka nimalize shule. Paroko akaandika Kalemie kuuliza, jibu likachukua miezi, na Fidèle, ambaye hakuwa na bibi popote, akaona umemshuku. Akaenda peke yake, akaoa hukohuko. Hukulia mbele yangu. Ulikunja kitambaa, na miaka sita baadaye ukanishonea nacho nguo yangu ya ndoa, pini mdomoni, ukiniambia nisitikisike.

Kabla ya ndoa hiyo nilikwenda kuungama. Padri mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Malipizi yako ni moja. Uende kumuambia yaya yako." Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwako. Ulikuwa umepika bukari na sombe, ukaninawisha mikono kama mtoto, ukauliza mbona nimekonda. Nikala, nikaaga.

Unajua nilichofanya? Nilikwenda parokia nyingine, Ruashi, kwa padri kijana asiyenijua. Nikamwambia nimesema uongo. Uongo gani, hakuuliza. Akanipa Salamu Maria tatu, nikazimaliza kabla sijafika barabarani. Nimepokea komunyo miaka yote kwa Salamu Maria zile tatu. Kila Kwaresima nilipanda teksi mpaka Ruashi, nawe ukanisifu kwa majirani kwamba mudogo yako anapenda kuungama.

Halafu ukaugua. Siku padri alipokuja na mafuta matakatifu, ulimwomba asubiri kidogo mlangoni, unataka kusema nami kwanza. Nikajua umejua. Ulinishika mkono, uleule ulioubana zamani, ukasema, "Mudogo, kama nilikukosea kintu katika kukulea, unisamehe."

Nami nikajibu, "Nimekusamehe, yaya."

Mimi nikusamehe wewe. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, yale mengine yalihitaji pumzi moja tu. Padri akaingia, nikatoka nje, nikasali rozari na majirani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu tukuzike sipokei komunyo. Watu wakipanga mstari, mimi nakunja magoti ili wapite. Mume wangu anadhani ni kilio chako, wala hakosei, nakulilia kweli. Wiki iliyopita nilirudi kwa padri mzee. Macho yake yamekwisha, hakunitambua. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Nilitumaini, kwa kuwa umekufa, atanipa malipizi mengine. Akauliza tu kama kaburi lako nalijua. Nikasema nalijua.

"Basi uende kumuambia."

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja itakwenda Kolwezi, kwa Fidèle, maana yeye pia alinyang'anywa jina lake jema. Hii nyingine nitakuja nayo kesho, niisome yote kwa sauti, hata kama kuna watu kwenye kaburi la jirani. Sina la kujitetea, na nimechoka kukukumbuka nikiwa nimejificha.

Unisamehe, yaya. Usiharakishe. Mimi ndiye niliyejibu haraka siku ile. Nitakaa chini pale, ningoje.

Mudogo yako,
uliyebaki kwa ajili yake