Neno "thematic" lilivyotaka kunitoa shule

Jumatano, Kasulu. Mvua tangu asubuhi, barabara ya kwetu ni tope tupu. Leo niko sawa. Jana sikuwa sawa.

Nasoma masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa kidato cha nne, mimi mama wa watoto watatu, muuza maharage sokoni. Jana tulirudishiwa jaribio la Kiingereza. Swali moja lilitaka ujumbe ulio "thematic" katika hadithi fupi. Kwa haraka zangu nikasoma "mathematics". Nikahesabu mashamba yaliyotajwa, nikaandika: manne.

Jirani yangu wa dawati alichungulia jibu hilo akalisoma kwa sauti, darasa zima likacheka. Wengi ni rika la binti yangu Neema.

Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba naacha. Hakubisha. Alisema tu, "Basi nenda ukamuage mwalimu, usipotee kimya kimya."

Leo nikaenda mapema. Mwalimu Yusta ni mdogo kwangu. Nje ya darasa yeye ndiye huniamkia shikamoo. Nilipomwambia nimekuja kuaga, alinivutia kiti.

"Mama Neema, hilo neno hata Waingereza wamelitoa mbali. Asili yake ni Kigiriki, kitu kilichowekwa. 'Theme' ni dhamira, lile jambo ambalo mwandishi ameliweka mbele yetu. 'Thematic' ni chochote kinachohusu dhamira hiyo. Kwenu kuweka mnasemaje?"

"Gushira." Ndicho Kirundi cha mama yangu.

"Haya. Mwandishi ameweka nini mbele yetu?"

Hadithi ni ya ndugu wawili wanaogombea shamba, mdogo anafukuzwa. Nikafikiri kidogo.

"Woga, mwalimu. Kaka mtu anaogopa kunyang'anywa, kwa hiyo ananyang'anya yeye kwanza."

Woga huo naujua. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi. Uraia tumeshapata, lakini mpaka leo mama akiona watu wanapima shamba la jirani, chakula hakimpiti kooni.

"Andika hivyo hivyo," mwalimu akasema.

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza chako."

Niliandika sentensi chache, nyingine zimepinda. Kipindi kilipoanza akawasomea wote, bila kusema ni za nani.

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliomba zirudiwe.

Niliporudi mume wangu akauliza, "Umemuaga?"

"Nilisahau."

Akatabasamu, akaendelea kuchambua maharage.

Kesho tuna ushairi. Sijui hata ubeti unaitwaje kwa Kiingereza. Nitauliza, tena mbele ya wote.