Komite ya Kupima Wema

Siku ya tatu, 20 mwezi wa sita

Nimekawia kuandika. Toka Pasaka sikugusa daftari hii. Ninajiomba musamaha mimi mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kumuomba. Sababu ni ile ile. Anna anatoa meno. Yosefu hataki kuvaa suruali. Nguo za Alberti zinataka pasi kila siku, karani hawezi kuenda biro na makunyanzi. Leo nilipiga pasi kwa mukono mumoja, Anna kwenye titi. Kaa moja liliruka, likatoboa mukeka.

Halafu Madamu wa fwaye akaja, yule anayetufundisha sisi wanawake kushona na kupika kizungu. Ameniweka katika komite. Mwezi ujao, siku ya sikukuu ya Wabeleji, Bwana Administratere atatoa medali kwa mukaaji mumoja wa site, mutaa wetu sisi watu weusi hapa Kasongo, aliyesaidia wenzake pasipo kulipwa. Sisi tutamuchagua. Sisi ni watatu: Madamu, Mwalimu Evaristi, na mimi. Nilimuuliza Madamu kwa nini mimi. Alisema mapazia yangu ni meupe.

Alberti alifurahi kupita mimi. "Muke wangu amekuwa juji." Nikamwambia, basi shikia juji mutoto kidogo. Akakumbuka ana kazi biro.

Siku ya tano, 22 mwezi wa sita

Tumetembea nyumba kwa nyumba, Anna mugongoni. Kazi inaenda hivi. Madamu anaingia, anainama chini ya kitanda, anafunua mitungi, anaenda chooni kuona kama chokaa imetiwa. Halafu mwenye nyumba anasimama katikati na kusema kwa kinywa chake mwenyewe mema aliyoyafanya. Mwalimu anageuza kwa Kifaransa. Madamu anatia alama.

Kitambaa kimoja cha meza, cha bluu, tulikikuta nyumba tatu. Tukiwa bado tunaaga, kinapitishwa juu ya uzio. Nyumba ya tatu kilikuwa na doa la chai ya nyumba ya pili, bichi. Madamu akasema wanawake wa hapa wanapenda rangi moja. Nilikaza uso.

Mama Leontina, muke wa infirmye, muuguzi wa lopitali, alisema mema yake mpaka miguu ikaniuma. Anafundisha kufuma. Anagawa sukari. Anaombea wagonjwa. Kuomba, sawa. Lakini wakati wa surua alipigilia mulango wake mbao kwa ndani. Alipata alama nyingi.

Siku ya kwanza, 25 mwezi wa sita

Kapita, musimamizi wa site, amepita na neno la biro. Mwanamuke pasipo mume na pasipo karata ya kukaa site, atoke mbele ya kiangazi kwisha. Arudi kwao.

Mama Salima hana mume, hana karata. Ni jirani yangu wa nyuma. Mujane, Muislamu, mutu wa Lusangi, kule Kabambare. Kwao hakuna tena mutu. Nyumba ya baba yake imekuwa kichuguu. Atarudi kwa nani?

Madamu amesema leo kwamba mwenye medali atapewa na karata ya kukaa site mpaka kufa, hata akiwa mujane. Pale pale nikajua ninamutaka nani.

Mvua zilizopita, surua iliingia site. Lopitali ikajaa mpaka chini ya miti. Mama Salima akakusanya watoto wetu ndani ya nyumba yake, akafunika madirisha, mwangaza usiwaumize macho, akawaosha, akawanywesha kwa kijiko. Hakulala. Wengine walikufa mikononi mwake. Wengi walitoka wazima. Yosefu wangu alitoka.

Shida ni kwamba kwetu jambo hilo halitajwi. Aliyemutoa mutoto katika surua hasemi nilimutoa. Mama wa mutoto naye hasemi alimutoa. Ugonjwa ukisikia, unarudi kuchukua ulichoacha. Tunanyamaza mpaka mvua mbili zipite. Imepita moja tu. Shukrani yetu ni kuni na unga. Unaweka mulangoni pake, unaondoka pasipo kubisha.

Hapa ninaandika. Kuandika si kusema. Natumaini.

Siku ya tatu, 27 mwezi wa sita

Tumefika kwa Mama Salima. Mimi ndiye niliyetoa jina lake.

Alikuwa amefagia. Meza pasipo kitambaa. Mwalimu akamwambia, "Haya mama, sema uliyofanya."

"Sikufanya kitu."

"Watu wanasema ulisaidia wakati wa ugonjwa."

"Watu wako na mudomo."

"Sasa miaka yote hii hapa site ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakaa."

Nilimutazama mpaka machozi yakanijia. Hakunitazama. Mwalimu akamugeukia Madamu: anasema hakufanya kitu. Aligeuza sawasawa, neno kwa neno.

Mwalimu Evaristi ni mutu wa hapa hapa. Desturi anaijua kama mimi. Na mutoto wake Tereza alilala juu ya mukeka wa Mama Salima wakati wa surua, kando ya Yosefu.

Siku ya posho, 30 mwezi wa sita

Nilimusihi Madamu aulize wamama wenyewe. Akakubali. Tukasimama kisimani, wakajibu mumoja mumoja.

"Mama Salima? Ni jirani."

"Mimi natoka upande wa soko, sijui habari za huku."

Mama Furaha akasema mutoto wake hakuugua hata siku moja toka azaliwe. Mutoto alikuwa mugongoni pake, jicho moja jeupe. Surua ilikula jicho lile. Madamu alimutazama mutoto, akamutazama mama, akafunga kalamu.

Siwalaumu. Ninawalaumu. Sijui.

Tulipotoka nilimuvuta Mwalimu kando. Nikamwambia, "Bwana Mwalimu, weye unajua."

"Najua nini?"

"Tereza."

"Mutoto wangu usimutie kinywani, Mama Yosefu."

"Weye pia unaogopa? Mutu wa Kifaransa?"

Akacheka kidogo, cheko la mutu anayemweleza mutoto. "Woga ni wa muke wangu. Mimi nangoja karata ya wasivilize, ya watu weusi wanaohesabiwa kama Wazungu. Watakuja kwangu kama tulivyokwenda kwa wengine, watainama chini ya kitanda changu. Niwaambie mutoto wangu alitibiwa na bibi mumoja gizani, na lopitali iko? Karata imekufa siku hiyo."

Nilimwambia muke wake alipeleka kuni kwa yule bibi mwezi muzima. Akasema kuni ni kuni.

Siku ya pili, 3 mwezi wa saba

Leo tumechagua.

Nilisema. Nilitaja mutoto wangu, nikataja ugonjwa, nikataja mwanamuke, yote kwa pumzi moja, mbele ya Madamu. Nilieleza na desturi, kwa nini wamama walikana, kwa nini mwenyewe alikana. Nikamwomba Mwalimu ageuze yote, asiache kitu.

Madamu alisikiliza. Akauliza, nani mwingine aliona? Nikamutazama Mwalimu. Yeye akatazama kofia yake.

Basi Madamu akasema kwa upole, anao upole, kwamba juji hawezi kuwa shahidi. Na mutu hawezi kupewa medali juu ya jambo alilolikana mwenyewe. Mama Leontina, kura mbili.

Walitaka kuandika komite nzima imekubaliana. Nilisema hapana, andikeni wawili. Wakaandika komite nzima.

Nimewachukia leo. Nimelichukia pazia langu jeupe.

Siku ya ine, 5 mwezi wa saba

Yosefu ana joto.

Kisimani wamevuta ndoo zao mbali na yangu. Habari kwamba nilitaja ugonjwa imefika, kwa muke wa Mwalimu bila shaka. Mama Furaha alisema, hakunielekea, "Mwenye kuita mugeni ampikie mwenyewe." Wengine wakaguna.

Alberti alileta kinini, dawa ya homa. Mutoto aliitapika. Nilikaa chini nikalia kama mujinga, Anna naye akalia.

Mama Salima akaingia. Toka tuwe majirani hakuingia kwangu. Hakusalimia.

"Nani alikuomba?"

"Mama, watakufukuza."

"Wanifukuze. Weye ulimuchukua mutoto ukamutia kwenye mizani, huku Yosefu, huku karata. Mimi sikumutoa kwa bei hiyo."

Ningefanya tena, nilimwambia hivyo. Akasema, "Najua. Njo sababu nimekasirika." Akaponda kinini katika asali, akambana Yosefu pua, akamumezesha. Akakaa naye mpaka jasho likatoka.

Siku ya Mungu, 8 mwezi wa saba

Joto limeshuka. Ilikuwa homa ya mbu tu. Najua ni homa ya mbu. Walakini kila akikohoa ninasimama.

Siku ya posho, 21 mwezi wa saba

Sikukuu. Bendera, tarumbeta, watoto wa shule na soksi. Nilikalishwa kiti cha mbele na komite.

Bwana Administratere alisoma kwa Kifaransa juu ya Mama Leontina. Yote niliyasikia; kusema Kifaransa siwezi, lakini kusikia masela, wale watawa wa misioni, walinifundisha vya kutosha. Kufuma, sukari. Halafu akasoma kwamba wakati wa surua mama huyu aliwapokea watoto wa site nyumbani mwake, akawatunza usiku na mchana.

Neno langu. Wamelichukua wakampa mwingine. Sijui ni Mwalimu aliandika vibaya katika ripoti, ao Madamu aliona ni hasara kulitupa neno zuri namna ile. Mwalimu alikuwa anatazama bendera.

Surua ilitajwa mbele ya site nzima, na chombo cha kukuza sauti. Mama Furaha hakushtuka. Hakuna aliyeshtuka. Kwa Kifaransa, inaonekana, surua haisikii.

Watu wakapiga makofi. Mama Leontina akainamisha kichwa chini, kwa haya. Nilimutazama nione kama ni haya kweli. Hapana.

Alberti aliniambia nikunjue uso, wakubwa wanatazama. Nikamwambia watazame.

Siku ya kwanza, 23 mwezi wa saba

Mama Salima amepanda kamio, lile gari la kubeba pamba la Kabambare. Sufuria moja, mukeka, kuku. Alikataa nimubebee. Wamama walisimama nyuma ya uzio, hawakutoka. Mulangoni pake, asubui, kulikuwa na kuni nyingi kuliko siku zote. Mutu anayeondoka atafanya nini na kuni?

Siku ya Mungu, 19 mwezi wa nane

Vumbi. Anna ana meno mane. Yosefu amevaa suruali toka misa mpaka sasa.

Madamu alikuja. Anataka niwe tena katika komite mwaka ujao. Nilimupa chai, nikamwambia hapana, watoto ni wadogo. Hakuuliza tena. Mwalimu amepata karata yake. Tunasalimiana.

Dereva wa kamio amepita Lusangi. Mama Salima amejenga banda la majani kando ya ile nyumba iliyoanguka. Dereva anasema kule watoto wengi wanakohoa na macho yamewavimba, hakueleza zaidi. Mama Salima amemutuma aniambie kwa kinywa vitu anavyohitaji. Nimeandika nisisahau. Chumvi, sabuni na blanketi nimekwisha kufunga. Kamio inarudi siku ya tano. Vinavyobaki kutumwa:

jembe, pasipo mupini, mupini atachonga
kinini
sindano mbili, uzi mweusi
sufuria kubwa, kupita ile aliyobeba
chupa moja ya asali
kaniki, kitambaa kizito, cha madirisha mawili
vijiko vidogo kumi, na kama kumi havipatikani, hata sita