Simu Ndani ya Mtungi wa Mtama

Mitundu, Jumapili mchana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, mtama umekomaa, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini mtandao mpya wa simu mlio nao huko Dar unachelewa kufika kwetu. Nimefungua daftari langu la wakati mama yako Rehema akisoma shule ya msingi. Jumanne moja alikuja mtu wa kampuni kuhesabu simu kijijini. Alisema mnara ni ghali, na watumiaji wakiwa wachache gharama hairudi. Sisi tukadhani ni mambo ya kodi. Babu yako akaninong'oneza, "Mama Rehema, ficha." Nikaizika simu yetu kwenye mtungi wa mtama.

Mgeni alipofika, babu yako akamwambia, "Simu? Hapa tuna mbuzi tu."

Mara kengele niliyoitega ya saa sita ikalia mtungini. Mgeni akacheka. "Mzee, mtama wako unaita."

Akaandika simu moja, na hakupata nyingine kijiji kizima, maana wote walificha zao. Mnara ukajengwa kijiji cha jirani. Miaka mingi tuliendelea kupanda lile jiwe kubwa la kijijini kutafuta mtandao, ili tumsikie mjomba wako aliyekuwa Mwanza, babu yako akinishika mkono.

Juzi wamekuja wengine kuhesabu, safari hii kwa ajili ya mtandao mpya. Niliweka mezani simu yangu na ya marehemu babu yako. Yake haiwaki tena, lakini nilitaka naye ahesabiwe.

Nakukumbuka sana,
Bibi yako