Chumba cha Mayai

3 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na goti lako mnaelewana. Mimi sijambo. Simu za nje hazishiki tangu mwezi jana, basi turudi kwenye kalamu.

Uliuliza kazi yangu ikoje. Maabara yetu inatengeneza chanjo ya kideri, ugonjwa ule uliomaliza kuku wa marehemu mama. Chanjo hukuzwa ndani ya mayai. Chumba changu kiko chini ya ardhi, kina milango miwili ili joto lisitoroke, na haingii mtu bila kubadili nguo. Kutwa namulika mayai kwa tochi, moja moja, kuona kama yana uhai. Wenzangu wananiita Mama Kuku, na hata kuolewa sijaolewa.

Binti yako.

28 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mwenyewe ni mzima.

Nina neno zito. Unajua kazi yangu ni kunakili kila linalosemwa bungeni na kulichapa. Wiki hii wanajadili kama ndege zetu zikapige maabara za nchi hiyo uliko. Wengine wanasema zinaficha silaha za sumu, wengine wanaonya kwamba tutajiletea vita. Sasa mimi, kwa majivuno ya mzazi, barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti wakati wa chai, kwenye mkahawa wa bunge. Mbunge mmoja alikuwa nyuma yangu akisubiri kikombe. Jana akasimama, akasema, "Tuna ushahidi wa mwananchi wetu aliyemo humo ndani. Kuna chumba chini ya ardhi, milango miwili, na haingii mtu bila kubadili nguo."

Kuku hakuwataja. Wenzake wakagonga meza. Nami nikachapa, maana ruhusa yetu ni kurekebisha sarufi tu.

Mbunge hupewa nakala ya hotuba yake aisahihishe kabla haijatoka. Nilimpelekea yake pamoja na barua yako, nikamwomba aongeze neno moja tu, mayai. Nakala aliirudisha akiwa amesahihisha mkato mmoja tu.

Nisamehe, mwanangu. Ulimi wangu umeponza kichwa, na kichwa chenyewe ni chako. Ondoka huko.

Baba yako.

11 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Usijitese. Hata mimi ningekuwa na binti ningejivuna naye.

Wakubwa wa hapa wanasema ni vitisho tu. Lakini mpishi wa kantini amekwisha kuwahamisha watoto wake, na huyo namwamini kuliko wakubwa. Nina mayai mia nne yaliyobakiza siku sita kuwa tayari. Nikiyaacha yatakufa, na wafugaji wanasubiri chanjo. Nitaondoka Ijumaa ijayo, tarehe 18, kwa basi la asubuhi. Afya yangu nzuri, ila siku hizi kila yai nalimulika mara mbili.

Binti yako.

24 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika leo.

Kura ilipigwa Jumatano, tarehe 16. Nilichapa mwenyewe: waliokubali mia moja na mbili, waliokataa tisini na tisa. Waliokataa walisema vizuri sana, na hotuba zao nimezinakili bila kosa hata moja. Alhamisi ndege zikaenda. Gazeti limetoa picha ya shimo, na mbunge yule amesema kilichokuwamo hakitatudhuru tena. Hilo nalo nimelichapa. Tangu juzi jeshi la nchi hiyo linatujibu kwa makombora mpakani, na bungeni wamehamia mjadala wa kuandikisha vijana.

Wewe ulisema Ijumaa. Najiambia labda mayai yaliwahi, labda mpishi alikushika mkono mkatoka mapema. Kila nikitoka kazini napitia kituo cha mabasi ya mpakani. Karani wa pale amekwisha kunizoea, akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijamfikia.

Utaona sikuanza na salamu. Niliogopa kuuliza. Lakini sikufundishwa kufunga barua bila kumjulia mtu hali, kwa hiyo nauliza sasa. Hujambo, mwanangu?

Baba yako.