Nilimwambia Gudrun Niko Sawa

Hamburg, Jumapili

Mpenzi Torsten,

Paka wako uliyeniachia hajambo, anakula vizuri. Mimi ndimi nisiyekula, kwa aibu.

Juzi kwenye klabu yetu ya wapenzi wanaofungana kamba kwa hiari, uliponifunga kama tulivyopatana, vidole vilinifa ganzi. Uliponiuliza, nikasema endelea, nisije nikaonekana mnyonge. Gudrun, msimamizi wa usalama, akapita. "Uko sawa, dada?"

"Sawa kabisa."

"Basi nifinye kidole."

Nikashindwa. Akakata kamba palepale, akakufukuza mbele ya watu akisema hujali, nami sikufungua mdomo.

Leo nimemweleza ukweli. Amesema, "Torsten arudi. Wewe kaa nyumbani kwanza, mpaka ujue kusema inauma."

Nisamehe. Mkono umeanza kupona. Uso ndio sijui niuweke wapi.

Wako,
Wiebke